Kufufua pabu ya mtaa Uingereza: anzia stoo ya chini kabla ya rangi ya ukuta

Pabu kuukuu, yaani baa za mtaa za Kiingereza, zinazotafuta mpangaji hazikosekani Uingereza, na baadhi yetu Waafrika Mashariki tunaoishi huku tumeanza kuziangalia kwa jicho la biashara. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuchukua pabu ya aina hiyo, aikarabati, na ndani yake auze eli halisi ya pipa, yaani bia ya jadi ya Kiingereza, pamoja na bia za krafti za wapikaji wadogo. Sheria nitakazozitaja ni za England. Wales inafanana nayo kwa mengi, ila Scotland na Ireland Kaskazini zina sheria zao za leseni, kwa hiyo aliye huko asome za kwake.

Jambo moja nalisema mapema kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote: fedha ya kwanza iende chini, kwenye stoo ya mapipa. Wapangaji wengi wapya huanza na rangi, taa na viti, kisha wakifika kwenye bia mfuko umekauka. Pabu inapendeza kweli, lakini bia inatoka chungu kama siki, na mteja wa eli akishaonja siki mara mbili harudi. Ukumbi wenye zulia lililochakaa unaweza kujaa watu miaka yote ikiwa bia yake ni safi.

Hatua ya kwanza: jua unachouza

Eli halisi ni bia iliyo hai. Inatoka kiwandani ikiwa bado na hamira na sukari kidogo, na inaendelea kuchachuka ndani ya pipa lile lile itakamouziwa. Haisukumwi kwa gesi ya mtungi. Inavutwa kwa pampu ya mkono au inakingwa moja kwa moja kwenye koki ya pipa. Aliyekulia Moshi akaiona mbege ikichemka yenyewe chunguni ameshaelewa nusu ya somo: hiki ni kinywaji chenye siku zake, kinapanda, kinakomaa, kinashuka, na kazi ya muuzaji ni kukitoa kikiwa kimekomaa.

Bia ya kegi ni habari nyingine. Ile ya viwanda vikubwa huchujwa, hupashwa moto ili hamira na vijidudu vife, kisha husukumwa kwa gesi. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 viwanda vikubwa vya Uingereza viliigeukia kegi kwa nguvu, Red Barrel ya Watney's ikiwa ndiyo iliyotajwa kuliko zote, na eli ya pipa ikaanza kupotea. Mwaka 1971 vijana wanne, Michael Hardman, Graham Lees, Jim Makin na Bill Mellor, wakiwa matembezini magharibi ya Ireland, walianzisha chama cha kuitetea. Ndicho CAMRA ya leo. Wanachama wake ni wateja wako wa baadaye: wanajua ladha, wanaandika walichoonja, na wanasafiri umbali mrefu kwa ajili ya pipa lililotunzwa vizuri.

Krafti haina tafsiri ya kisheria Uingereza. Chimbuko lake kubwa ni Marekani, kwa watu kama Fritz Maytag aliyekinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco mwaka 1965, na Sierra Nevada ya Chico iliyoanza kupika mwaka 1980, bia zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na harufu ya machungwa na misonobari. Uingereza ilipoanza mwaka 2002 kuwapunguzia kodi wapikaji wadogo, viwanda vya namna hiyo viliongezeka sana. Krafti nyingi huja kwenye kegi na hunywewa baridi zaidi. Wapo wazee wa eli wanaoidharau kegi yoyote, na wapo vijana wanaodhani pipa ni la babu zao. Wewe weka zote mbili. Kijana aliyefuata kegi ya hopsi leo, ukimwonjesha eli nzuri ya rangi ya dhahabu, mwezi ujao ataiagiza mwenyewe.

Kwenye baa za kwetu mhudumu huuliza, "Ya baridi au ya moto?" Eli ya pipa haiulizwi hivyo, maana haitoki kwenye friji wala haiachwi kwenye joto la chumba. Stoo inatakiwa iwe kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi. Ikizidi hapo bia inaharibika haraka. Ikipungua sana, ladha inalala na bia inaweza kutanda ukungu. Kilimanjaro au Tusker ni laga, zimetengenezwa zinywewe baridi sana. Usiipime eli kwa kipimo cha laga.

Sasa hesabu, ambayo ningependa uifanye kabla hujatamani pabu ya mtu. Pipa la kawaida, wenyewe huliita fakini, lina galoni 9, yaani karibu lita 41, yaani painti 72. Toa mashapo ya chini na bia ya kuonjea, zinabaki painti 68 hivi za kuuza. Pipa likishaanza kumiminwa hewa inaingia, na bia hiyo ina siku tatu za uzima. Kwa hiyo kila pampu ya mkono inahitaji wanywaji wa painti 22 au 23 kwa siku, Jumatatu ikiwemo. Pabu yenye pampu sita zisizouza inamwaga bia kila wiki au, mbaya zaidi, inawauzia watu bia iliyochoka. Anza na pampu mbili: moja ya bitter ya kawaida, eli yenye uchungu kiasi na yenye kilevi cha karibu asilimia 4, isiyobadilika, na nyingine ya kuzungusha. Kwa bia nyeusi zinazotoka polepole, kama porter au mild, omba pipa dogo la painti 36. Zilizobaki ziwe kegi, ambazo haziharakishi.

Hatua ya pili: kabla ya kusaini

Uliza kwanza pabu imefungamana na nani. Pabu huru inanunua bia popote. Pabu iliyofungamana na kampuni lazima inunue kwa kampuni hiyo, mara nyingi kwa bei iliyo juu kuliko ya soko, na kodi ya pango ndiyo hupunguzwa kufidia. Mpango huo si mbaya kila mara, hasa kwa asiye na mtaji, lakini unaua ndoto ya kuleta eli za wapikaji wadogo wa jirani isipokuwa mkataba uruhusu. Tangu mwaka 2016 kuna kanuni za pabu zinazozibana kampuni zenye pabu 500 au zaidi zilizofungamana nazo England na Wales, na chini yake mpangaji katika nyakati fulani anaweza kudai alipe kodi ya pango ya bei ya soko tu na aache kununua bia kwa lazima. Mwulize wakili nyakati hizo ni zipi kwa mkataba wako.

Pili, soma kipengele cha matengenezo neno kwa neno. Mikataba mingi humbebesha mpangaji matengenezo yote, paa na misingi vikiwemo, na humtaka alirudishe jengo likiwa zima. Ukisaini hivyo kwenye jengo linalovuja, umenunua uvujaji wa miaka 30 iliyopita. Mlete mpimaji wa majengo, aandike hali ya kila chumba na apige picha, na maandishi hayo yaambatanishwe kwenye mkataba. Gharama yake ni ndogo mbele ya paa moja.

Tatu, tazama kama jengo limeorodheshwa kuwa la kihistoria. Orodha ya England inatunzwa na Historic England na inasomwa bure mtandaoni. Madaraja ni I, II* na II, na pabu nyingi zilizoorodheshwa ziko daraja la II. Chache zimefika juu kabisa: Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool ilipandishwa daraja la I mwaka 2020. Wengi hudhani ulinzi ni wa sura ya nje tu. Si hivyo. Kaunta, vioo vilivyochorwa, vigae, viti vilivyopigiliwa ukutani na milango ya ndani, vyote vimo. Kuvibadili bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, na halmashauri haina kikomo cha miaka cha kukudai uvirudishe. Hata jengo lisiloorodheshwa huenda ndani yake limo katika orodha za CAMRA za pabu zenye mandhari ya kale, na hilo ni tangazo la bure kwako.

Wanaodhani watabomoa kwanza na kuomba radhi baadaye waitazame Carlton Tavern ya Maida Vale, London. Aprili 2015 mwenye jengo aliibomoa bila kibali, wakati ikifikiriwa kuorodheshwa. Halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, wakazi wakashikilia, rufaa ikashindwa, na Aprili 2021 pabu ile ilifungua milango tena.

Kama huna fedha za kutosha peke yako, fikiria ushirika. Sheria ya mwaka 2011 inawaruhusu wakazi kuiandikisha pabu kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenyewe akitaka kuuza na wao wakaonyesha nia, wanaweza kupata miezi sita ya kuchangishana. Ivy House ya Nunhead, London, ilikuwa ya kwanza kuandikishwa hivyo, na wakazi wakainunua mwaka 2013. Old Crown ya Hesket Newmarket, huko Cumbria, ni ya ushirika tangu 2003. Sisi tuliokulia kwenye vyama vya akiba na mikopo na harambee za mtaani tuna mazoea ya kazi hii, ila kumbuka kwamba wenyeji wa mtaa ndio wawe wengi kwenye hisa. Pabu ni yao kabla haijawa yako.

Hatua ya tatu: kagua jengo kuanzia juu

Maji ndiyo adui. Panda uangalie paa, mifereji, bomba za kuteremshia maji na mabomba ya moshi, kisha tembea nje ukitafuta mahali ukuta ulipo kijani au chumvi imechanua. Ziba maji kabla ya jambo jingine lolote, maana lipu mpya juu ya ukuta unaoloa haimalizi majira ya baridi mawili.

Hapa mtu wa Pwani ana la kumfundisha fundi wa Uingereza. Nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe Zanzibar zimejengwa kwa mawe na chokaa, na kila aliyezikarabati anajua saruji inavyoziumiza: ukuta unashindwa kupumua, unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, lipu inabanduka na jiwe linaliwa. Pabu za Uingereza zilizojengwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia, za matofali au mawe yasiyo na uwazi katikati, ziko vile vile. Fundi akikuambia atatibu unyevu kwa kupiga saruji na rangi ya plastiki, mtafute mwingine anayejua chokaa. Mara nyingi tiba ya kweli ni kuondoa saruji ya miaka ya 1970, kuteremsha ardhi ya nje iliyopanda juu ya usawa wa sakafu, na kuuacha ukuta ukauke kwa miezi. Kausha kwanza, paka baadaye, tena kwa rangi ya chokaa au nyingine inayopitisha mvuke.

Asbesto ilipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999, kwa hiyo jengo lolote la kabla ya mwaka 2000 lichukulie kuwa linayo mpaka lipimwe. Hujificha kwenye dari zenye nakshi za kukwaruza, vigae vya sakafu na nguo za mabomba ya maji moto. Upimaji wa kawaida wa mpangaji hautoshi; kabla ya kuvunja unahitaji upimaji mahususi wa ukarabati, ambao huchokonoa ndani ya kuta. Fundi asishike nyundo kabla ya karatasi hiyo.

Umeme, gesi na mfumo wa majitaka vipimwe na wenye vyeti. Tenga pia akiba ya angalau sehemu moja kati ya sita ya bajeti kwa yatakayojitokeza sakafu ikifunuliwa. Kwenye jengo la kale yatajitokeza.

Hatua ya nne: stoo ya chini

Sasa shuka ngazi. Simama katikati ya stoo uvute pumzi. Harufu ya ukungu, ya majitaka au ya siki itaingia kwenye bia yako.

Sakafu iwe laini, ya kuoshwa kwa mpira wa maji, ikiteremkia kwenye mtaro au shimo lenye pampu. Kuta zipakwe rangi inayooshwa na isiyoshikwa na ukungu, mradi ukuta umeshakauka. Weka bomba la maji safi na beseni la kuoshea vifaa, taa za kutosha kuona kama bia ni ang'avu kwenye glasi, na kipimajoto ukutani cha kusomwa na kuandikwa kila asubuhi. Mashine ya kupoza stoo inunuliwe mpya au ifanyiwe matengenezo kamili. Usipange humo mashine ya barafu wala friji za chupa, kwa kuwa zinatema joto ambalo mashine yako inalipia umeme kuliondoa. Chakula pia kisikae humo. Mlango uwe na kamba ya mpira na ujifunge wenyewe.

Hewa ukaa inaua kimya kimya. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na inajikusanya chini. Mtungi mmoja ukivuja kwenye stoo isiyo na madirisha, mtu anashuka akiwa mzima na hapandi. Funga kengele ya kupima gesi hiyo, yenye taa ya onyo nje ya mlango, juu ya ngazi, na mitungi ifungwe ukutani kwa mnyororo. Kengele ikilia, hakuna kushuka kumfuata mwenzio. Toka, piga simu ya dharura. Wafundishe wahudumu hili siku ya kwanza kabla ya kuwafundisha kukinga painti.

Kisha amua mapipa yatalala wapi. Pipa la eli hulazwa ubavu juu ya kichanja cha mbao au chuma na halisogezwi tena mpaka liishe. Kichanja kiwe karibu na tundu la kushushia mapipa, ili fakini iliyojaa isiburutwe stoo nzima. Pia, na hili husahauliwa sana, kiwe karibu iwezekanavyo chini ya pampu za mkono. Bia inayolala usiku kucha kwenye mrija kati ya pipa na pampu asubuhi inamwagwa. Mrija mrefu ni painti kadhaa za hasara kila siku ya mwaka. Ndiyo maana mchoro wa kaunta ya juu usichorwe kabla ya mchoro wa stoo: pampu zifuate mapipa. Mirija ipite pamoja ndani ya gamba linalozungushiwa maji baridi, la sivyo bia iliyotunzwa kwa nyuzi 12 itafika kwenye glasi ikiwa 17.

Kegi hazihitaji kichanja. Zinasimama upande mwingine na gesi yake, zikipozwa zaidi na mashine ya chini ya kaunta. Wapikaji wengi wa krafti hutumia kegi za plastiki zenye mfuko ndani, ambapo gesi inaukamua mfuko bila kuigusa bia. Hizo zina kichwa chake cha kuunganishia, na utahitaji angalau kimoja.

Hatua ya tano: kulilaza pipa na kulifungua

Hapa ndipo jina la pabu linapojengwa, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Pipa likifika, soma lebo: tarehe ya mwisho, kiwango cha kilevi, na kama limetiwa dawa ya kutuliza mashapo. Dawa ya kizamani hutokana na mfuko wa hewa wa samaki, jambo la kumwambia mteja asiyekula vya wanyama. Kuna wapikaji wanaoacha bia yao na ukungu kwa makusudi. Hakikisha unajua kabla hujairudisha.

Lilaze kichanjani, kizibo cha ubavuni kikitazama juu kabisa na kizibo cha kichwani kikiwa chini mbele. Likaze kwa kabari tatu lisitikisike. Likishatulia kwa saa kadhaa, osha kizibo cha juu kwa maji na dawa ya kuua vijidudu, kisha gongomea kigingi laini cha mianzi katikati yake. Bia itapumua, wakati mwingine povu litaruka, kwa hiyo weka kitambaa safi. Kigingi hiki kina vitundu vinavyoachia gesi iliyozidi. Kifute povu kila unapopita, na kikiziba kibadilishe. Povu likiacha kurudi haraka baada ya kufutwa, hamira imepunguza kazi: toa kigingi laini, weka kigumu kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki ikae ndani ya bia. Kwa bia nyingi safari hii huchukua kati ya saa 24 na 48. Nyingine hutaka zaidi. Kuiharakisha bia kwa sababu Ijumaa imefika ndilo kosa linaloharibu eli nyingi zaidi ya lolote ninalolijua.

Siku moja kabla ya kuuza, osha kizibo cha mbele na koki, shika nyundo ya mbao, na upige pigo moja lililonyooka. Pigo la woga linakumwagia bia usoni. Kinga kidogo kwenye glasi safi, inua kwenye taa, nusa, onja. Ikiwa bado na ukungu, subiri.

Wakati wa mauzo kigingi kigumu kitolewe, au kibadilishwe na laini, vinginevyo pampu itavuta bila hewa kuingia na kutibua mashapo. Ukifunga usiku, kigumu kirudi. Bia iliyobaki ikifika kati ya nusu ya pipa na theluthi zake mbili, inua nyuma ya pipa pole pole, kiasi cha vidole vinne, wakati hakuna anayechota. Usiinue mwishoni, utayaamsha mashapo yote. Na bia iliyomwagika kwenye trei hairudi pipani, kamwe, hata bosi akinung'unikia hasara.

Mirija ioshwe kila siku saba. Piga maji mpaka bia iishe, vuta dawa, iache muda ulioandikwa kwenye chupa ukiivuta kidogo kidogo, kisha maji mengi mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe hakuna dawa iliyobaki. Glovu na miwani vivaliwe, na kila pampu ivikwe kikaratasi cha onyo, maana dawa hiyo inachoma koo la mtu. Pipa likiisha, ziba matundu yake na ulitunze: ni mali ya mpikaji, na mpikaji mdogo asiyerudishiwa mapipa anakosa pa kutia bia ya wiki ijayo.

Hatua ya sita: ukumbi

Baada ya stoo, ukumbi ni kazi nyepesi. Ondoa zaidi ya unavyoongeza. Bandua bodi za plastiki uone kama vigae vya zamani vimo nyuma yake. Funua kona ya zulia uone mbao. Kuta ndogo zinazogawa vyumba usizivunje. Pabu nyingi zilivunjwa kuwa ukumbi mmoja ili mhudumu aone kila mtu, na mazungumzo yakapotea kwa kelele. Mzee wa gazeti na vijana wa mpira hawahitaji chumba kimoja.

Dari za njano ya moshi wa sigara zimebaki tangu kabla ya Julai 2007, uvutaji wa ndani ulipokatazwa England. Zioshe vizuri kabla ya rangi, au njano itapenya. Mabomba ya moshi yapigwe brashi kabla ya moto wa kwanza. Taa ziwe za rangi ya joto na chini chini, ila juu ya kaunta ziwe za kuonyesha bia. Choo kinachofikika kwa kiti cha magurudumu na mlango usio na kizingiti uvipange tangu mwanzo, kwa sababu sheria ya usawa ya mwaka 2010 inakutaka uondoe vikwazo kwa kadiri inavyowezekana, na kwa sababu mteja asiyeweza kuingia haji na wenzake watano.

Hatua ya saba: leseni na vipimo

Pabu inahitaji leseni ya jengo chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, na msimamizi mmoja aliyetajwa humo mwenye leseni yake binafsi. Leseni binafsi inatanguliwa na kozi fupi yenye mtihani, na tangu Aprili 2017 mwombaji lazima awe na haki ya kufanya kazi Uingereza. Mwenye viza yenye masharti asome masharti yake kwanza.

Wengi hunaswa na ramani. Leseni ya jengo imeambatana na ramani ya ndani, na ukihamisha kaunta au kufungua chumba kipya, ramani hiyo inakuwa ya uongo. Badiliko dogo lina njia yake ya mkato: tangazo jeupe na siku 10 za kazi. Badiliko kubwa linahitaji tangazo la buluu hafifu mlangoni kwa siku 28, ambapo jirani yeyote anaweza kupinga. Peleka maombi kabla ya seremala, na uwatembelee majirani kabla ya kubandika tangazo.

Bia ya kumiminwa huuzwa kwa theluthi, nusu, theluthi mbili au painti nzima ya mililita 568, kwenye glasi zenye alama rasmi ya kipimo. Krafti yenye kilevi cha asilimia 7 au 8 iuze kwa theluthi na theluthi mbili. Umri ni miaka 18, na desturi nzuri ni kumwomba kitambulisho yeyote anayeonekana chini ya 25. Ukiuza chakula, jiandikishe halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, ni bure. Tathmini ya hatari za moto, bima na leseni ya muziki zifuate.

Hatua ya nane: wiki za kwanza

Mhudumu aionje kila bia kabla mlango haujafunguliwa. Glasi ziwe safi na zilizopoa. Kusini mwa England wengi wanataka povu jembamba. Yorkshire wanataka zito, linalotokana na kikofia chenye vitundu mdomoni mwa pampu. Uliza mtaa wako. Mteja akisema bia ina kasoro, mbadilishie bila ubishi kisha shuka ukaonje mwenyewe, na mgeni anayesitasita mpe kidogo aonje bure.

Kuhusu jiko, waangalie Wapunjabi wa West Bromwich na Smethwick. Waliziokoa pabu nyingi za Black Country, eneo la viwanda la zamani karibu na Birmingham, kwa kuacha bia na wazee wa zamani palepale na kuongeza nyama za kuchoma na viungo vyao, na leo watu wanasafiri kwenda kula huko. Mishkaki, nyama choma na kachumbari vinakaa vizuri sana na bitter, na pilau inakaa vizuri na mild. Anza na vyakula vinne unavyovipika bila kukosea, na kwa wasiokunywa pombe weka chai ya tangawizi na juisi nzuri, si soda peke yake.

Nunua kwa wapikaji walio karibu, nenda kawaone, waulize bia yao inataka saa ngapi za kupumua. Andika kila siku kwenye daftari la stoo: joto, pipa gani limefunguliwa lini, painti ngapi zimetoka, ngapi zimemwagwa. Daftari likionyesha wiki kadhaa mfululizo kwamba mapipa yote mawili yanaisha kabla ya siku ya tatu, hapo ndipo ufunge pampu ya tatu.